Kidole Gumba cha Mzee Havyarimana

Mwili wa Elie Kalunga ulionekana Jumamosi asubuhi ndani ya shimo la wafyatua matofali, nje kidogo ya mji wa Kasulu, upande wa barabara iendayo Makere. Aliyeuona ni mama mmoja aliyekuja kuchota maji ya kulowekea udongo. Alipiga yowe, ndoo ikaenda zake, na kabla askari hawajafika wafyatua matofali walikuwa wameshakanyaga kila alama iliyokuwapo pale.

"Hongereni sana," Sajenti Evaristi aliwaambia. "Si mngemzika kabisa, mkatupunguzia kazi?"

Evaristi wa upelelezi, mzaliwa wa Munanila, alikuwa na ulimi mchungu siku zote, na asubuhi hiyo ulizidi kwa sababu alimfahamu marehemu. Elie alikuwa fundi cherehani, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, na suruali aliyovaa Evaristi ilikuwa imepunguzwa kiuno na mikono yake. Sasa alilala kifudifudi, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, kisogo kimepasuliwa kwa pigo moja la kitu chembamba na kizito. Simu yake haikuwapo. Pesa mfukoni zilikuwapo.

"Afande, huyu si mkimbizi tu?" askari mmoja kijana aliuliza. "Tuwaachie wenyewe wa kambini."

"Geuka nikuone kisogo chako," Evaristi alisema. "Kina tofauti gani na hiki?"

Kijana akaenda kuwasogeza watu nyuma. Lakini alichosema ndicho walichokuwa wakifikiri wengi pale, na Evaristi alijua hivyo, na kilimkera.

Mjane alikuja kituoni saa sita mchana. Aliitwa Chantal. Hakulia mbele ya askari. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akaongea kile Kiswahili cha kwao cha Kongo.

"Bwana yangu alitoka jana jioni. Alisema, Chantal, mutu mumoja ananiita nione matofali, nitarudia."

"Mtu gani?"

"Hakutaja. Alikuwa na furaha kidogo. Siku mingi hakukuwa na furaha, tangu alitia sinyatiri kwa ile karatasi ya mahakama."

"Sahihi ya kiapo cha wosia wa Mzee Havyarimana?"

"Ile. Usingizi ilikuwa imemukatala. Alhamisi alirudia nyumbani akasema, nimemaliza, nimesha kuambia mutu mwenye anapashwa kuambiwa. Siku ya mbili, hiyo Jumanne, mbele ya juji, nitasema verite, kweli yote. Halafu jana mchana akaomba simu yangu, yake haikukuwa na vocha, akaita mutu mwingine."

Evaristi alichukua simu ya mama huyo, akaitafuta namba, akaipiga. Iliita mara mbili tu.

"Haloo, Uwimana hapa. Ni wewe, fundi?"

Evaristi akakata. Jina hilo Kasulu nzima ilikuwa inalijua.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Havyarimana alivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana, akafyeka pori, akapanda kahawa na migomba, uraia akaupata uzeeni. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, akaacha watoto wawili. Niyonzima, wa kwanza, ana duka la vifaa vya ujenzi Kibondo. Uwimana, wa pili, ndoa ilimshinda akarudi nyumbani, akamuuguza baba miaka mitano, akamwogesha, akamlisha, akamshika mkono kwenda chooni, kwani mtoto wa jicho alikuwa amemfunga mzee macho yote mawili.

Matanga yalipoisha, Niyonzima akatoa wosia. Nyumba yake, shamba lake, kahawa yake. Uwimana aondoke, "kwa kuwa ameolewa na ana kwao". Mzee hakuweza kuona, kwa hiyo chini palikuwa na dole gumba badala ya sahihi. Uwimana akapinga. Mahakama ya Mwanzo ikaagiza waliokuwapo siku hiyo walete hati za kiapo: nani alimsomea mzee maneno hayo, na nani alimwona akiweka dole. Viapo vikaja viwili. Kimoja cha Nadine, mke wa Niyonzima, kwamba ndiye aliyesoma. Kingine cha Elie, kwamba ndiye aliyeona.

Na siku kiapo cha Elie kilipojulikana, Uwimana alimfuata fundi huyo sokoni, mbele ya cherehani yake, akampigia kelele watu wote wakisikia: "Uongo huo utakuua, Elie! Utakufa nao mdomoni!"

Sasa Elie alikuwa amekufa. Kesi ya wosia ilikuwa Jumanne.

*

Evaristi alimkuta Uwimana akipalilia kahawa. Mwanamke mrefu, mkavu, mikono migumu. Alipoona gari la polisi hakukimbia wala hakukaribisha, alisalimu tu.

"Mwakeye, afande. Mmekuja kunitoa leo leo? Hata hukumu bado."

"Mara ya mwisho kuongea na Elie Kalunga ni lini?"

"Yule? Tangu sokoni sijaongea naye."

"Jana mchana alikupigia."

Jembe lilitulia. "Hakunipigia."

"Uwimana, nimepiga namba yako kwa simu ya mke wake. Umeniita fundi."

Mwanamke alikaa chini pale pale kwenye mashina ya kahawa. "Amekufa, eti? Nimesikia kwa wapita njia. Nilijua mtakuja kwangu. Ningesema alinipigia, mngesema nilimwita nikamuua."

"Na ukidanganya tutasema nini?"

"Alinipigia kuniomba msamaha!" Uwimana alipaza sauti. "Akasema, dada, Jumanne nitakufuta machozi. Basi. Mimi nimuue mtu aliyekuja kuniokoa? Nina wazimu?"

"Nani anajua kwamba alikuja kukuokoa? Wewe na maiti."

Waliingia ndani. Nyumba ya tofali za kuchoma, safi, kiti cha mzee kingali karibu na dirisha. Uwimana alitoa nakala za viapo chini ya godoro. Zilikuwa zimekunjwa ndogo kabisa.

"Umezisoma?"

"Nilisoma mpaka nilipoona jina la wifi yangu. Nikazikunja. Nadine nilimpenda, afande. Alipojifungua mtoto wa kwanza ni mimi niliyekwenda Kibondo kumkanda maji moto."

Evaristi alizikunjua, akasoma akiwa amesimama. Cha Nadine kilipigwa chapa vizuri: *Kwamba mnamo mwezi wa kwanza nilimsomea marehemu wosia huo kwa sauti, neno kwa neno, tangu jina lake hadi mwisho, naye akaukubali.* Cha Elie kilikuwa kifupi, kwamba alimwona mzee akiweka dole kwa hiari yake.

"Elie alijuana vipi na baba yako?"

"Ndiye aliyeshona suti ya kumzikia. Na ndiye aliyekuja asubuhi ya mazishi kumvisha, maana mikono ilikuwa imeshakakamaa na kaka alisema hawezi. Nilimshikilia baba mkono wa kulia huku fundi akipitisha mkono wa koti. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Nikasema, jamani kifo, hata kucha zinageuka. Elie akanitazama, akaendelea kufunga vifungo." Akajifuta uso kwa kanga. "Mikono ile niliiosha mwenyewe jioni iliyotangulia. Ilikuwa safi."

Evaristi aliandika yote hayo. Kisha akamfunga pingu, kwa sababu mkuu wake wa upelelezi alikuwa amempigia simu tayari akimwambia aache kuzunguka. Mwanamke alimtishia marehemu hadharani, alificha simu, ana sababu. Nini zaidi?

"Na Jumanne?" Uwimana aliuliza njiani. "Nisipotokea, si watasema nimekubali?"

"Watasema."

"Basi afadhali ungenipiga na jembe langu mwenyewe."

*

Jumatatu asubuhi Evaristi alishika lami kwenda Kibondo. Hakuwa na ruhusa kamili. Alikuwa na neno moja la Chantal lililomkaa kooni. Elie alisema Alhamisi kwamba ameshamwambia mtu anayepaswa kuambiwa. Uwimana aliambiwa Ijumaa. Basi wa Alhamisi ni nani?

Alipokuwa anapita Makere simu iliita. Mke wake.

"Baba Joy, mzee wa Munanila anauliza tangawizi itachimbwa lini. Na miguu imemvimba tena."

"Mzee yupi? Munanila ina wazee wangapi?"

"Wewe nawe! Baba yako. Kwani nina mzee mwingine huko?" Akacheka. "Usiendeshe huku unaongea."

Kibondo alianza kwa Saady, aliyechapa vile viapo, kwenye kibanda chenye kompyuta na bango la kuchapa barua, mikataba na viapo. Saady hakuwa wakili. Alikuwa kishoka asiye na leseni, mtu wa Tabora mwenye tai fupi na maneno marefu, na alipoona kitambulisho cha polisi tai ilianza kumbana.

"Mimi nachapa tu, afande! Mteja analeta maelezo, nayaweka katika lugha ya kisheria, wanakwenda kuapa wenyewe."

"Mama Nadine alikuja kukueleza mwenyewe?"

"Hapana, alikuja bwana wake. Alisema mke wangu alimsomea mzee. Mimi nikaongeza nyama kidogo."

"Nyama gani?"

"Lile la neno kwa neno, tangu jina hadi mwisho. Mahakimu wanapenda ukamilifu." Saady alijaribu kutabasamu. "Mama alikuja kutia sahihi tu."

"Na Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Ijumaa? Msikitini, halafu harusini. Nina picha mia, afande, tazama hapa, huyo mwenye kanzu ni mimi!" Kweli, picha zilikuwapo, na katika nyingi alikuwa anakula. Evaristi alimwacha na tai yake.

Niyonzima alikuwa dukani, katikati ya mifuko ya saruji na mafungu ya nondo. Mtu mnene, mpole wa sauti. Alimpa mgeni kiti na soda.

"Nimesikia habari za fundi. Inauma. Na inauma zaidi kusikia ni dada yangu."

"Nani kasema ni dada yako?"

"Si mmemkamata?"

"Ulionana na Elie Alhamisi?"

"Alhamisi nilishusha saruji Kasulu. Sikuonana naye." Alijibu haraka, kisha akanywa soda yake polepole. "Na Ijumaa, kabla hujauliza, nilikuwa nyumbani tangu maombi ya jioni mpaka asubuhi. Muulize mke wangu."

Nadine aliitwa kutoka nyumba ya nyuma. Alipofika alipiga goti kusalimia, kama walivyofundishwa wasichana wa zamani, ingawa umri wake haukuzidi thelathini na alisoma mpaka kidato cha nne. Kibondo walimjua kama kiongozi wa kwaya. Muuza duka jirani alikuwa amemwambia Evaristi: mama huyo akikuambia mvua inanyesha, huna haja ya kuchungulia.

"Mume wako alilala nyumbani Ijumaa?"

"Ndiyo." Macho yalikuwa sakafuni.

"Usiku wote?"

"Ndiyo, afande."

"Na wosia ulimsomea marehemu wewe mwenyewe?"

"Databukwe alikuwa haoni," Nadine alisema, kwa neno la kwao la baba mkwe. "Mzee yule alikuwa mtu mwema sana. Alinipokea kama binti yake."

"Sijauliza wema wake, mama. Ulimsomea?"

"Imeandikwa kwenye kiapo."

"Nimeona imeandikwa. Ulimsomea?"

Niyonzima akaingilia. "Afande, mke wangu ameshaapa mbele ya kamishna wa viapo. Unataka aape mara ngapi?"

Evaristi aliondoka na hasira na bila kitu. Nondo zilikuwapo dukani, sawa. Duka gani la vifaa vya ujenzi halina nondo? Kila kitu kilimwangukia mwanamke mmoja anayeaminika. Wosia ulisimama juu ya neno la Nadine, na usiku wa Niyonzima ulisimama juu ya neno hilo hilo.

Jioni alipita mahabusu Kasulu. Uwimana alikuwa amekaa pembeni, hajala.

"Wifi yako ni mtu wa namna gani?" Evaristi alimuuliza kupitia nondo za mlango.

"Alilelewa na bibi yake huko Nyabibuye. Ana adabu mpaka inachosha. Baba akikaa sebuleni, yeye chakula anakiacha mlangoni. Chumbani kwa baba hajakanyaga hata siku ya kufagia. Mimi nilikuwa namtania, nikimwambia dunia imebadilika, hakuna anayefanya hivyo tena. Anacheka tu."

"Na yeye alikuwa anamwitaje baba yako?"

"Databukwe. Mzee. Angemwitaje? Kwa jina?" Uwimana alishtuka na wazo hilo kama vile lilikuwa tusi.

Evaristi alibaki ameshika mlango. Mzee wa Munanila. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mke wake hajawahi kutamka jina la baba mkwe wake, Mathiasi, hata siku moja, hata akiwa amekasirika, hata hospitalini alipoulizwa jina la mgonjwa, akamsukuma mtoto mbele ajibu. Na yeye, mpelelezi mzima, alikuwa analisikia pengo hilo kila siku nyumbani kwake na asilione!

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga kabisa. Uwimana, sikiliza. Kesho nitakupeleka mahakamani hata kama mkuu atanivua cheo. Usimtukane mtu. Usilie. Una swali moja tu la kuuliza."

*

Jumanne saa tatu mahakama ilijaa. Uwimana aliingia na pingu, watu wakanong'ona. Chantal alikaa nyuma kabisa, nguo nyeusi ya kuazima. Niyonzima alivaa suti, akamwamkia kila mtu, hata karani.

Hakimu, mwanamke wa Kilimanjaro aliyehamia mwaka uliopita, alisema shahidi mmoja amefariki na mwingine yupo, na kwamba kiapo cha aliyepo kinaweza kutosha kama hakitatikiswa. Nadine alipanda kizimbani. Alishika Biblia, akaapa. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mpingaji, una swali kwa shahidi?"

Uwimana alisimama. Pingu ziligonga meza.

"Moja, mheshimiwa. Wifi, umesema ulimsomea baba kwa sauti. Naomba unisomee na mimi, vile vile ulivyomsomea yeye."

Niyonzima alitabasamu. Hakimu aliona ombi halina ubaya, akampa shahidi karatasi ya wosia.

Nadine aliishika kwa mikono miwili. "Mimi," alisoma. Akakohoa. "Mimi... mkazi wa Kasulu, nikiwa na akili timamu..."

"Umeruka, mama," hakimu alisema. "Anza na jina. Soma kama ilivyoandikwa."

"Mimi..."

Akaisogeza karatasi karibu na uso.

"Huoni vizuri? Uletewe miwani?"

"Naona, mheshimiwa."

"Basi soma jina."

Nadine alitazama jina lile. Lilikuwa pale kwa herufi kubwa, HAVYARIMANA, na chini yake jina la baba wa mzee huyo, na midomo yake ilifunguka, ikafumba. Watu wazima waliokuwa wamekaa benchi za mbele walianza kuinamisha vichwa mmoja mmoja, kwa aibu, maana wao walikuwa wameshaelewa.

"Mheshimiwa," Uwimana alisema, na sasa sauti yake ilipasuka, "kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hatamki jina la baba mkwe wake. Wengi wameacha. Huyu hajaacha. Miaka tisa ameolewa kwetu, sijamsikia akilitamka, wala wewe hutalisikia leo. Sasa alimsomea nani, tangu jina hadi mwisho? Tena baba mwenyewe, amtamkie jina usoni? Angejificha chini ya meza!"

"Litamke!" Niyonzima alifoka kutoka alipokaa. "Ni jina tu, mwanamke! Litamke tumalize!"

Nadine aligeuka. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akimtazama mume wake namna hiyo.

"Litamke wewe," alisema, "uliyempaka wino akiwa maiti."

Mahakama ililipuka. Hakimu aligonga meza mpaka mkono ukamwuma. Nadine hakusubiri kuulizwa. Alipiga goti ndani ya kizimba, akashika mbao, akasema yote.

Mzee alikuwa amelazwa sebuleni, kesho yake azikwe, waombolezaji wako nje kwenye moto. Mume wake alimwita amshikie taa. Akachukua kidole gumba cha baba yake, akakipaka wino, akakikandamiza kwenye karatasi tupu, chini. Maneno yalichapwa baadaye. "Mkono ulikuwa wa baridi na hautaki kukunjuka. Akaulazimisha. Nilishika taa, mheshimiwa. Nilishika taa na sikusema kitu. Asubuhi fundi akaona wino wakati wa kumvisha. Akaniuliza, nikakimbia."

"Na Elie akanyamaza kwa nini?" hakimu aliuliza.

"Alitishwa. Kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kimekwisha muda. Mume wangu akamwambia, ukisema nitakuripoti urudishwe, ukitia sahihi nitakujengea fremu ya duka Kasulu, cherehani yako isinyeshewe."

"Ijumaa usiku mume wako alikuwa wapi?" Hilo liliulizwa na Evaristi kutoka mlangoni. Hakuwa na haki ya kuuliza, lakini hakimu hakumzuia.

"Hakulala nyumbani. Alirudi alfajiri na pikipiki, udongo mwekundu mpaka magotini. Aliniambia niifue suruali. Nikaifua."

Yowe lilitoka nyuma. Chantal alikuwa amesimama. "Alimwita aone matofali!" alilia. "Ya fremu yake! Alienda na furaha!"

Niyonzima alikuwa ameshafika mlangoni. Evaristi hakumshika. Alisimama tu mbele yake, na askari wawili nyuma.

"Alhamisi Elie alikufuata kwenye saruji zako akakuambia anakwenda kusema kweli," Evaristi alisema. "Mtu mwaminifu, hakutaka ushtukizwe. Ukajifanya umemsamehe. Njoo uone tofali zako, tuachane kwa amani. Akageuka kuzitazama. Nakosea wapi?"

Niyonzima aliangalia watu, mmoja mmoja, kama anayetafuta mteja. Upole wote ulimtoka.

"Mnajua nini nyinyi?" alisema. "Ule msitu nilifyeka mimi na baba! Niliacha shule darasa la tano nikabeba miche kichwani, huyu akasoma, akaolewa, akashindwa, akarudi kulala! Halafu Pasaka ya mwaka jana mzee anasema mbele ya watu, nyumba ya Uwimana, shamba mgawane. Mgawane! Mimi niliyetoa damu!"

"Kwa hiyo nusu ulikuwa umeshapewa," hakimu alisema taratibu.

Labda hapo ndipo Niyonzima aliposikia kwa mara ya kwanza hesabu ya alichokifanya. Askari walipekua duka lake siku ile ile, wakaikuta simu ya Elie chini ya mifuko ya saruji. Hakuwa na akili hata ya kuitupa.

Hakimu aliutupilia mbali wosia. Uwimana alifunguliwa pingu pale pale, na wa kwanza kumshika mkono alikuwa Chantal. Mkuu wa upelelezi alimpongeza Evaristi kwa sauti ambayo haikuwa ya pongezi. Mwili wa Elie ulizikwa kambini, kwa jeneza la mbao ambalo Evaristi alichangisha kituoni, na yule askari kijana alitoa zaidi ya wote.

Nadine aliwekwa rumande kwa kiapo cha uongo na kuficha uhalifu. Mwezi wa saba Uwimana alikwenda kumtembelea na hotpoti la ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa mawese. Watoto wawili wa Nadine walikuwa kwake sasa, wakilala kwenye kile chumba cha mzee.

Walikaa wakitazamana, meza katikati. Nadine alikuwa amekonda.

"Watoto?"

"Wanakula. Wanakuulizia."

"Kaburi la mzee limepaliliwa?"

Uwimana alikuwa ameufungua mfuniko. Akaufunga tena.

"Kaburi la nani?"

Nadine aliinama.

"Nimekuuliza kaburi la nani! Mtaje. Mtaje nikupe chakula. Ulimshikia taa akitiwa wino, ulifua damu ya fundi wa watu, umeapa kwa Biblia mara mbili. Kilichobaki cha kuogopa ni nini? Mtaje baba yangu!"

Askari wa zamu aligeuka kutazama. Nadine alitikisa kichwa, machozi yakimdondokea mikononi, midomo imefungwa kabisa.

"Hilo sikumwibia, wifi," alisema mwishowe. "Niachie hilo."

Uwimana alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyokuwa hajalia tangu mazishi. Alilia mpaka askari akaja kusema muda umekwisha. Kisha akajifuta kwa kanga, akaufungua mfuniko, akalisukuma hotpoti upande wa pili wa meza.

"Limepaliliwa," alisema. "Kula, kabla hakijapoa."